Sura Moja Tu, Halafu Nilale

Nakala yangu ya The Da Vinci Code haina jalada. Niliinunua shilingi mia moja kwenye lami ya Tom Mboya, ilikuwa imelazwa kati ya vitabu vya marudio na Biblia mbili. Ndani kuna majina ya watu wanne waliowahi kuwa nayo, kila mmoja amelikata la mwenzake kwa kalamu. Wa mwisho ameandika pembeni, kwa herufi kubwa: UONGO. Lakini doa lake la chai liko karibu kabisa na mwisho. Kwa hivyo hata yeye alimaliza.

Riwaya hii ya Dan Brown ilitoka 2003 na imeuza mamilioni kwa mamilioni ya nakala. Waandishi wenzake hawakuipenda. Stephen King, ambaye si mtu wa kudharau vitabu vya kuuzwa stendi, aliifananisha na makaroni ya boksi. Kule chuoni, kabla sijaacha (karo, hadithi ndefu), mhadhiri wetu mmoja alikuwa akiitaja tu darasa linacheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimeisoma mara mbili.

Wanaosema Brown ana kitabu kimoja anachokiandika tena na tena hawamsingizii. Chukua Angels & Demons ya 2000. Msomi anauawa na kuachwa na alama mwilini, profesa Robert Langdon anaitwa ghafla, anapewa mwenzake mrembo mwenye akili ambaye ni binti wa marehemu, muuaji wa kutisha anatumwa na bosi asiyeonekana, na bosi huyo anageuka kuwa mtu tuliyemwamini. Sasa weka Paris mahali pa Roma, na mjukuu mahali pa binti. Umemaliza. Hata saa ni zile zile: kila kitu lazima kiishe ndani ya siku moja hivi, na hakuna anayelala wala kula kitu cha maana.

Lakini hapo mimi siwezi kurusha jiwe. Kwa miezi kadhaa nimelipwa kwa sura kuandika hadithi za programu moja ya simu, na maagizo yalikuwa wazi: kila sura iishe mtu akibisha mlango. Nikajaribu. Ukifika mlango wa kumi na mbili huna tena wa kumbisha. Brown ana sura mia moja na tano, bana, na nyingi ni za kurasa mbili tatu, na bado unajiambia moja tu halafu nilale. Hiyo ni kazi. Mtu asikudanganye kwamba yeyote anaweza.

Kinachoniudhi ni njia ya mkato anayoipenda mno. Tuko ndani ya kichwa cha Langdon, tunajua mpaka hofu yake ya lifti. Halafu anaona kitu, anashtuka, na sura inakatika bila sisi kuambiwa ameona nini. Ati siri. Si siri hiyo, ni mtu kukufumba macho kwa kiganja.

Nilimwazima soja wa ploti yetu kitabu hicho. Ni mzee anayesoma chochote kilicho na herufi, usiku ni mrefu. Wiki iliyofuata ananifungulia geti saa tano akaniuliza, “Kijana, huyu Sophie si ni polisi? Si kazi yake ni kufumbua mafumbo?”

“Ndio, Mzee.”

“Mbona basi wanamfundisha kama mtoto wa nasari?”

Nilisimama pale getini kama mjinga. Mara mbili nimesoma, na sikuwa nimeliona. Sophie Neveu ndiye anayemtoa Langdon Louvre kwa ujanja wake, na mafumbo kadhaa anayafumbua mwenyewe. Lakini wakifika kwa Leigh Teabing, tajiri yule Mwingereza, anakalishwa na wanaume wawili wanampokezana kwa mhadhara: Yesu, Maria Magdalena, Leonardo. Kazi yake ni kushangaa na kuuliza swali litakaloleta aya inayofuata. Kitabu kizima kinalalamika kwamba mwanamke alinyamazishwa, halafu chenyewe kinamwambia mwanamke wake akae asikilize. Sijakutana na pigo kali zaidi kwa riwaya hii, na limetoka kwa mtu aliyekuwa akiisoma kwa tochi.

Mama naye aliikuta kitandani kwangu. Ni mtu wa jumuiya, nikategemea itaishia jikoni kwenye moto. Hakuichoma. Aliniletea ule ukurasa wa mwanzo unaotangaza kwamba yafuatayo ni ukweli, na kwamba Priory of Sion ni chama cha siri kilichoanzishwa 1099. Akauliza, “Wewe ndiye uliyefika chuo. Hii ni kweli?”

Nikamwambia ni hadithi tu. Jibu la uvivu, kwa sababu sikuwa nikijua, na yeye hakuuliza kuhusu hadithi, aliuliza kuhusu ukurasa. Baadaye ndipo nilipotafuta. Chama chenye jina hilo kilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard na wenzake, na karatasi za kukipa ukale zilighushiwa zikapachikwa katika maktaba ya taifa kule Paris. Kanisa la Saint-Sulpice lilifika mahali pa kubandika tangazo kuwaambia wageni kwamba yale waliyosoma kuhusu mstari wa shaba sakafuni mwake si kweli. Kwa hivyo mashabiki wanaotuambia tusichukulie kwa uzito, ni riwaya, wamwambie kwanza Brown. Yeye ndiye aliyeapa kabla hajaanza kusimulia.

Nilirudi kumweleza Mama haya yote. Alikuwa akichambua sukuma. Akasema, “Ungeniambia tu hujui,” akaendelea kuchambua.

Soja alirudisha kitabu akataka kingine, nikampa Angels & Demons. Usiku wa pili akanisimamisha.

“Huyu si ni yule yule?”

“Ni yule yule, Mzee.”

“Basi usiniambie mbaya ni nani. Nishamjua.” Akanifungulia geti kwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kikiwa bado katikati ya kurasa.