Majibizano ya Gizani: Kuusoma Ukuta wa Mona

Kati ya Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika kipo kisiwa cha Mona, jabali la mawe ya chokaa lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 57. Hakina mji wala wakaazi wa kudumu. Atakaye kukizuru huomba kibali, kisha huvuka mkondo wa bahari wenye mawimbi makali. Juu ni uwanda mkavu wa vichaka. Chini yake mwamba umetobolewa mapango mengi. Humo ndani, pasipofika mwanga wa jua, imo kazi inayostahiki kuhakikiwa kama tuhakikivyo shairi.

Wenyeji wa asili, ambao leo huitwa Wataino, walichora kwa vidole. Ukuta wa pango una ganda laini. Kidole kikipita, ganda huondoka na mwamba mweupe ulio chini yake hubaki kuwa mstari. Columbus alifika Mona mwaka 1494, na baada yake kisiwa kikawa kituo cha meli zilizohitaji maji na mkate wa muhogo. Katika karne ya 16 wageni wakaingia pangoni. Katika pango mojawapo waliacha alama na maandishi zaidi ya 30, yaliyochongwa kwa ncha kali: misalaba, majina, maneno ya Kilatini na ya Kihispania. Jago Cooper, Alice Samson na wenzao waliyatangaza mwaka 2016, wakayasoma kuwa ni mazungumzo baina ya imani mbili.

Je, ni mazungumzo kweli? Katika ushairi wetu kujibizana kuna masharti. Anayejibu huingia katika bahari ya mwenzake, huchunga vina na mizani yake, ndipo wasikilizaji wakajua kwamba alisikia kabla ya kusema. Kwa kipimo hicho, wengi wa wachongaji wa Mona hawakujibu lolote. Aliyeandika jina lake, kama afisa wa mfalme Francisco Alegre, alisema tu kwamba alifika.

Lakini upo mstari mmoja wa Kilatini wenye uzito mwingine. Maana yake ni kwamba Mungu ameumba vitu vingi. Mwandishi wake hakujitaja, wala hakulaani alichokiona. Huyu, kwa maoni yetu, alitazama kwanza. Neno "vingi" ni la mtu aliyegundua kuwa dunia ni pana kuliko alivyofundishwa.

Hata hivyo, hatuna budi kuusoma mstari huo mara ya pili. Michoro ile iliumbwa na watu, tena watu ambao wakati huo walikuwa wakitumikishwa na kupukutika kwa maradhi. Kuitaja kazi yao kuwa ni ya Muumba peke yake ni kuistahi kazi na kuwasahau wenye kazi. Sifa na dhuluma zimekaa katika mstari mmoja, na msomaji hana ruhusa ya kuchagua moja na kuiacha nyingine.

Ndiyo maana twaona neno "mazungumzo" limezidi kipimo. Mazungumzo hudai zamu ya pili, na Wataino wa Mona hawakuipata: kisiwa kiliwapoteza watu wake. Ukuta umehifadhi swali lao na jibu la mgeni. Jibu la jibu hilo halikuandikwa.