Kumsifu Fundi wa Chenso

Bodaboda zimeizika tu-stroku, injini ya mipigo miwili, mijini. Simama Mafiat, Mbeya, asubuhi, au Ipogolo chini ya mlima wa Iringa, usikilize: Boxer na TVS, zote za mipigo minne, hakuna moshi wa buluu wala ule mlio wa kukereketa. Zile Yamaha DT walizopandia milima mabwana shamba na mapadri zimebaki za kuhesabika. Na baiskeli ya kufungwa injini, inayopendwa kwingine duniani, kwetu haikushika. Phoenix bado inasukumwa na miguu ya mwenyewe. Anayetaka kuijua injini ndogo ya mipigo miwili katika Nyanda za Juu Kusini aende Mafinga.

Mafinga ni mji wa mbao. Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, limeuzunguka, na paini haiangushwi kwa shoka tena. Inaangushwa kwa chenso. Chenso ikigoma porini, opareta amekaa, vijana wa kubeba magogo wamekaa, na lori linasubiri. Ndiyo maana kando ya barabara kuna mabanda ambayo mlangoni chenso zimepangwa chini, nyingine zimevuliwa hadi krenki, na ndani yupo fundi ambaye hajapambwa na gazeti lolote. Ukienda Ilula msimu wa nyanya, au Mbozi kwenye kahawa, fundi wa aina hiyo hiyo utamkuta na mabomba ya injini ya kupulizia dawa, ya kubeba mgongoni. Mashine ni tofauti, injini ni ileile. (Nasifu ufundi hapa. Chenso inayoingia hifadhi ya Udzungwa usiku siitetei.)

Injini yenyewe ni ya kuhadaa kwa wepesi wake. Haina valvu, haina kemshafti, haina oili chini. Mwingereza Joseph Day ndiye aliyebuni mwaka 1889 namna ya kuutumia upande wa chini wa pistoni kuvuta na kusukuma mchanganyiko wa hewa na mafuta, na miaka michache baadaye Frederick Cock, mfanyakazi wake, akaondoa valvu ya mwisho kwa kuiacha pistoni yenyewe ifungue na kuziba matundu ubavuni mwa silinda. Tangu hapo pistoni inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ikipanda, juu inabana, chini inavuta, ikishuka, juu inasukumwa na moto, chini inasukuma mchanganyiko mpya upande juu. Uzuri wa mpango huo ndio ugumu wake. Kwa kuwa kila kipande kina kazi zaidi ya moja, kosa moja hujionyesha kwa sura ya jingine. Sili ya krenki ikivuja hewa, mwenye mashine atakuapia kwamba kabureta imekufa.

Hapo ndipo ninapomsifu fundi wa kweli: hakimbilii spana. Mteja anaingia, “Kamwene, fundi,” chenso begani, na kabla hajaitua chini ameshatoa hukumu: “Plagi hiyo.” Fundi anaitikia salamu, hukumu anaiacha ipite. Kwanza anaishika chenso kwa mpini wa kamba ya kuwashia na kuiachia ining'inie. Ikishuka kwa kusitasita, hatua kwa hatua, mgandamizo upo. Ikitelemka moja kwa moja kama ndoo inayorudi kisimani, ringi zimekwisha au silinda imekwaruzwa, na habari ya plagi haina maana tena. Kipimo hicho hakigharimu shilingi.

Kisha anauliza mambo ambayo mteja huyaona ya kipuuzi. Ilizima ghafla au ilidhoofika? Ilikuwa ya moto au ya baridi? Petroli ulinunua wapi? Ndipo plagi inafunguliwa, isomwe kwanza, mambo ya kubadilisha yaje baadaye. Ikiwa kavu baada ya kuvuta kamba mara kadhaa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika na pengine ni cheche inayokosekana. Nyeusi yenye utando inasema mafuta ni mengi kuliko hewa. Rangi ya chai ya maziwa ni afya. Nyeupe, iliyokauka, ndiyo inayomfanya fundi afungue eksozi bila kuulizwa, achungulie pistoni kwa kurunzi, maana injini inayokosa mafuta inakosa na oili, na mikwaruzo huanzia upande huohuo wa eksozi.

Nimeona kosa moja likitafutwa ambalo lilikuwa limeshamtoa mteja pesa kwa mafundi wawili. Chenso inawaka vizuri, inakata dakika kumi, inafifia, inazima. Ikipumzika, inawaka tena. Alikwishauziwa plagi, kisha koili. Huyu wa tatu aliiwasha, akaiacha ingurume mpaka ikaanza kufifia, halafu akalegeza kifuniko cha tanki. Pakasikika fyu. Injini ikashika upya palepale. Kijitundu cha kuingiza hewa kwenye tanki kilikuwa kimezibwa na unga wa mbao uliolowa oili, kwa hiyo kadiri petroli ilivyotoka, tanki lilibaki likiivuta irudi. Akakizibua na kukipuliza, ikawa mwisho wa ugonjwa.

Nyanda za juu zina somo jingine ambalo fundi wa Dar es Salaam anaweza kuzeeka bila kulijua. Mafinga iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, Mbeya mita 1,700. Huku hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko pwani. Mashine iliyorekebishwa Dar ikifika huku inakunywa petroli nyingi kuliko hewa inayopata: inatoa moshi, inakohoa, plagi inakuwa nyeusi. Fundi anaikaza kidogo skrubu yenye herufi H kwenye kabureta, inatakata. Balaa ni pale mashine hiyo inaposhushwa Kyela, mita 500 tu, bila mtu kuigusa. Hewa imejaa, mafuta ni yaleyale yaliyobanwa, na injini inalia kwa sauti kali ya kupendeza. Opareta anaifurahia nguvu. Kabla ya jioni imenoki. Fundi mwenye akili Mbeya atakuuliza unaipeleka wapi kabla ya kuigusa ile skrubu.

Nisirefushe habari za oili. Kila chupa inaandika kipimo chake. Mililita 20 kwa lita ya petroli kwa uwiano wa moja kwa hamsini, 40 kwa moja kwa ishirini na tano. Anayepima kwa macho ataua pistoni kwa uchache au ataziba eksozi kwa masizi kwa wingi. Petroli ni mkasa mwingine. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa uliwatesa mafundi miaka mingi, hadi mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilipoanza kuweka vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka uliofuata. Ila chupa ya barabarani bado ni chupa ya barabarani, na ndiyo maana lile swali la petroli ulinunua wapi halikosi.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina vyuo Mbeya na Iringa, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani. Mafundi hawa wanastahili kupimwa na kupewa vyeti, mradi kipimo kisiishie kwenye kufungua na kufunga. Mpe mtahiniwa chenso yenye kosa la kufichwa, umpokonye spea zote, uone ataanzia wapi.

Na wewe msomaji mwenye mashine, kuna neno lako. Yule mteja wa tanki alipoambiwa alipe, alishangaa: “Umezibua katundu tu, fundi, halafu unataka elfu kumi?” Wale wawili wa mwanzo aliwalipa bila kubisha, kwa sababu walimkabidhi plagi mpya na koili mpya mkononi. Siku fundi wako atakaporudisha mashine ikiwa nzima bila kipande kipya hata kimoja, usimpunguzie. Mlipe zaidi ya yule aliyekuuzia koili.