Daktari Aliyefutwa kwenye Filamu ya Amin

Daktari Garrigan anapolala na Kay, mke wa rais Idi Amin wa Uganda, filamu ya The Last King of Scotland inaharibika, na Oscar aliyoipata Forest Whitaker kwa kumwigiza Amin haiwezi kuiokoa. Nimelisema hili tangu 2006 na sichoki kulirudia, hasa siku hizi ambapo ukiingia duka la sinema hapa Mowlem, Nairobi, uombe filamu ya Amin, kijana anakujazia hiyo kwenye flashi bila kukuuliza unataka ipi.

Kay wa kweli alikufa Agosti 1974, miezi michache baada ya Amin kumpa talaka. Mwili wake ulipatikana umekatwakatwa ndani ya buti la gari la Dkt Mbalu Mukasa, mpenzi wake. Alikuwa mjamzito, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba alifia mikononi mwa Mukasa wakijaribu kuitoa mimba hiyo. Mukasa naye akajiua. Hebu fikiria uzito wa hapo: daktari Mganda, mpenzi wa mwanamke aliyekuwa mke wa rais anayeogopwa na nchi nzima, amemuua bila kukusudia, na hana ubalozi wa kukimbilia wala ndege ya kumtoa. Mwandishi wa skripti akipewa kisa hiki anataka nini tena?

Peter Morgan na Jeremy Brock, waandishi wa skripti ya filamu hii, walitaka kingine. Walichukua penzi la Mukasa, mimba yake na hofu yake, wakampa Nicholas Garrigan, Mskoti ambaye hakuwahi kuishi. Giles Foden, aliyemtunga Garrigan katika riwaya yake ya 1998, hakumfikisha huko. Baada ya uamuzi huo kila kitu kinapinda. Kifo cha Kay kinakuwa kisasi cha Amin kwa sababu ya Garrigan. Viungo vyake vilivyopachikwa kinyume tunaonyeshwa ili tujue Garrigan, anayeigizwa na James McAvoy, ameumia kiasi gani, na kuanzia hapo Kay hana kazi nyingine kwenye hadithi ila kumpa Garrigan sababu ya kutaka kumuua Amin. Mwanamke aliyekuwa na jina, watoto na kaburi amegeuzwa hatua ya safari ya mtu wa kubuni.

Sababu ya kumfuta Mukasa mtazamaji yeyote aliyekulia kwenye vibanda vya video vya Eastlands anaijua: staringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Mukasa alikufa, kwa hiyo hakufaa kuwa staringi.

Ugonjwa huu wa kumfanya mzungu staringi wa kisa cha Waafrika ni wa zamani. Cry Freedom ya 1987 ilimzika Steve Biko, mwanaharakati wa Afrika Kusini, katikati ya filamu, kisha ikatuburuta muda wote uliobaki nyuma ya Donald Woods, mwanahabari mzungu, akitoroka. Kevin Macdonald, mwongozaji wa The Last King of Scotland, anarudia kosa hilohilo hata kwenye kufukuzwa kwa Wahindi kutoka Uganda mwaka 1972. Maelfu kwa maelfu ya watu walipewa siku 90, lakini kinachobaki akilini ni Amin akimlaumu Garrigan kwamba alimshauri bila kumshawishi. Onyesho limeandikwa kwa ustadi mkubwa, na bado taifa zima limebanwa ndani ya ugomvi wa marafiki wawili.

Whitaker mwenyewe simlaumu; Kiswahili alijifunza, na kile kicheko kinachokatika ghafla kinatisha kweli.

Lakini mpeni haki yake Joseph Olita, aliyemwigiza Amin kabla yake. Rise and Fall of Idi Amin ya 1981, iliyoongozwa na Sharad Patel na kupigwa hapa Kenya, ina mengi ya kukera. Uvumi wa kula nyama ya watu imeupokea mzimamzima, na vurugu zake zinachosha. Hata hivyo, Patel aliiacha kamera kwa Amin. Mkenya mwenzetu Olita anaibeba filamu kwa mabega yake, bila mgeni wa kutufasiria anachokiona. Na mzungu yumo, tena wa kweli: Denis Hills, aliyehukumiwa kifo 1975 kwa maandishi yake, anaigiza nafasi yake mwenyewe. Patel alikuwa na Mwingereza aliyeponea chupuchupu, akiwa hai mbele ya kamera, na hakumfanya staringi. Muda wake ulipokwisha, filamu ikarudi kwa Amin na Waganda. Barbet Schroeder naye, katika filamu yake ya hali halisi ya 1974, alimwacha Amin mwenyewe azungumze, acheke na kupiga akodioni, na tukamwogopa bila kushikwa mkono na mtu.

Sasa rudini kwenye mwisho wa Macdonald pale Entebbe, 1976. Garrigan ananing'inia kwenye ndoano. Dkt Junju, Mganda, anamshusha, anamwambia akauambie ulimwengu kwa kuwa mzungu ataaminika, kisha anauawa huku Garrigan akipanda ndege pamoja na mateka walioachiliwa wa ndege iliyotekwa. Hapo skripti inakiri kwa mdomo wa Junju kile ilichokwisha kumfanyia Mukasa. Kati ya madaktari wawili Waganda, mmoja amenyang'anywa maisha yake na mwingine amekufa ili Garrigan apate kiti kwenye ndege.