Kasoro ya Istilahi "Kipimamafuta"

Tumelitafakari neno kipimamafuta, lililoundwa kwa mfano wa kipimajoto, litumiwapo kwa kifaa cha dashibodi kinachoonyesha papo hapo ulaji wa mafuta gari liendapo. Hatuna budi kulikataa.

Kwanza, dereva atakichanganya kifaa hicho na geji ya tangi. Geji husema mafuta yaliyosalia. Kifaa hiki husema yanavyoliwa. Injini nyingi za kisasa hukata mafuta dereva ainuapo mguu mteremkoni gari likiwa katika gia, na ulaji husomeka sifuri. Aliyepotoshwa na jina atadhani tangi limekauka!

Pili, neno hilo halidokezi namna ya kuisoma namba. Kwa lita kwa kilomita 100, namba ndogo ndiyo njema. Kwa kilomita kwa lita, kubwa ndiyo njema. Lita 8 kwa kilomita 100 ni sawa na kilomita 12.5 kwa lita. Asiyelijua hilo atazidi kukanyaga mafuta akidhani anayabana.

Madereva wetu husema gari "linakula" mafuta. Twapendekeza basi kionyeshaulaji, na kizio kitajwe daima. Istilahi njema humwongoza mtumiaji. Mbaya humtia hasarani.