Nyumba Nyepesi ya Mapera

Fundi wa kuchomelea akiingiwa na wasiwasi, huongeza chuma. Geti likiyumba analitia mshazari, benchi likilia analitia mguu mwingine. Mteja naye anaridhika, kwa sababu chuma kinaonekana na kinahesabika, na sisi tumelelewa kuamini kwamba kizito ndicho imara: kitanda cha mninga kinachobebwa na watu sita, mlango unaohitaji bega kuufungua. Fundi anayepunguza, basi, ana kazi mbili, ya kujenga na ya kujieleza. Nimemwona mmoja wa namna hiyo Mapera, wilayani Mbinga, akijenga nyumba ndogo ya kulala familia juu ya fremu ya tela la mizigo, na nadhani sifa zake hazijasemwa vya kutosha.

Tela lenyewe halikuwa na ajabu. Ya aina hiyo yapo Umatengoni, kwenye milima ya Mbinga, yakivutwa na pawatila au pikapu, yamejaa magunia ya kahawa, mbolea, tofali, na siku ya harusi yamejaa watu. Fremu ya engo, ekseli moja, springi za majani, magurudumu mawili, na shingo ya kuunganishia gari. Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu, ni mwalimu. Alilinunua likiwa limestaafu kubeba mbolea. Alikuwa na gari aina ya Noah, watoto wawili, na hamu ya kushuka Ziwa Nyasa kila likizo bila kulipia vyumba vya gesti.

Kushuka ndilo jambo. Milima ya Umatengo inafika karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari mahali pengine. Ufukwe wa Nyasa uko kwenye mita 475 hivi. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66, sasa ni lami, lakini lami haikuusawazisha mlima. Kila kilo unayoiweka kwenye tela itazuiwa na breki za gari wakati wa kwenda na kupandishwa na injini wakati wa kurudi, na tela dogo kama lile halina breki zake. Ulaya wameweka mpaka kisheria: tela lisilo na breki lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Fundi wetu hakuwa na haja ya sheria ya Ulaya. Alishawahi kuona gari likisukumwa na tela lake kwenye mteremko, na hilo lilimtosha.

Mwalimu alikuja na mchoro. Ulikuwa mchoro wa nyumba: nguzo za mkaratusi, kuta za plaiwudi ya milimita 18, bati la migongo juu, kabati la vyombo, dirisha la aluminiamu la kusukuma. Fundi aliutazama kwa heshima, akauliza Noah ina injini ya ukubwa gani, kisha akaanza kuhesabu. Shiti moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, unene wa milimita 18, inakaribia kilo 30. Ya milimita 6 ni kilo 10 tu. Kuta, paa, mbele na nyuma vingekula shiti saba hivi. Tofauti peke yake ni kilo 140, na bado hatujagusa mbao. Mkaratusi ni mti mzito. Mpaini wa mashamba ya huku huku, ukikauka vizuri, ni mwepesi kuliko huo kwa mbali.

"Mwalimu," alisema, "ukiniongezea unene, unajiongezea abiria wasiolipa nauli."

Hapo mwalimu aliuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: ukuta wa milimita 6 utasimamaje? Jibu la fundi ndilo kiini cha ufundi wenyewe. Ukuta mwembamba ukisimama peke yake hupinda hata kwa kuegemewa. Ukigandishwa kwa gundi kwenye fremu ya vijiti vya mpaini, pande zake zote, kisha ukaunganishwa na sakafu na paa, hauwezi tena kupinda bila kuvuta kuta nyingine zote. Nguvu inahama kutoka kwenye unene na kuingia kwenye kona. Ndiyo maana fundi alitumia muda mwingi kwenye maungio kuliko mahali pengine popote, akipaka gundi, akibana kwa skrubu, akipima kwa skwea, akifungua na kubana upya pale alipoona mwanga unapenya. Skrubu, kwa maelezo yake, ni za kushikilia tu mpaka gundi ikauke. Niliona ni maneno ya mtu anayejiamini sana, hadi nilipojaribu kutenganisha vipande viwili vya majaribio na mbao ikachanika kabla ya gundi kuachia.

Katikati ya ngozi ya nje na ya ndani alijaza lile povu gumu jeupe linalokuja na televisheni na friji, alilolikusanya kwenye maduka ya Mbinga mjini ambako lilikuwa likitupwa. Halina uzito wa kutaja, linazuia baridi ya Julai ya milimani, na likishikana na plaiwudi pande zote mbili linaufanya ukuta uwe kitu kimoja. Wazo hilo lina ukoo. Ndege ya kivita ya Waingereza iitwayo Mosquito, iliyoruka kwa mara ya kwanza Novemba 1940, ilikuwa na mwili wa mbao: ngozi mbili nyembamba za plaiwudi na katikati mti wa balsa, mwepesi kama sponji. Ilizipita kasi ndege nyingi za chuma za wakati wake. Sidhani fundi wa Mapera amewahi kuisikia, na haijalishi. Mtu akisumbuliwa na uzito kwa muda mrefu, hufika pale pale.

Ufukweni kwenyewe elimu hii ni ya zamani. Mtumbwi wa Nyasa huchongwa kutoka kwenye gogo moja kupitia mwanya mwembamba juu, na mchongaji akiwa na tezo huondoa, huondoa, akipapasa unene kwa vidole, akiacha tako zito kidogo ili mtumbwi usipinduke na mbavu nyembamba ili upigwe kasia na mtu mmoja. Thamani ya kazi yake iko kwenye vile vibanzi vilivyobaki chini. Ukizidisha kuchonga umetoboa. Ukiogopa, umemtengenezea mvuvi gogo la kukokota mchangani kila asubuhi.

Na meli za kwanza za ziwa hili zilipimwa kwa bega la binadamu. Mwaka 1875 Mwingereza E. D. Young aliileta Ilala, meli ndogo ya mvuke iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande. Mto Shire, njia ya kupandia ziwani, una maporomoko yasiyopitika, kwa hiyo meli ilifunguliwa, vipande vikapandishwa vichwani na mabegani mwa mamia ya wapagazi, ikaunganishwa upya juu ya maporomoko na kuingia Nyasa Oktoba mwaka huo. Chauncy Maples, meli ya wamisionari iliyoshushwa majini mwaka 1901, nayo ilikuja kwa maelfu ya vifurushi. Lakini boila lake la tani 11 halikuweza kukatwa, likakokotwa kwa kamba na mamia ya watu, siku baada ya siku. Wahandisi wa kule walijua hesabu ya mpagazi. Boila peke yake lilikataa hesabu hiyo, na gharama yake ikalipwa na migongo ya watu wasioandikwa majina.

Nyumba za kuvutwa kwa ajili ya raha zilianza na kosa la uzito vile vile. Mwaka 1885 Dakta William Gordon Stables, Mskoti aliyewahi kuwa daktari wa jeshi la majini, alitengenezewa Bristol gari la kulala alilolipa jina la Wanderer. Likiwa na mizigo lilikuwa kama tani mbili, likivutwa na farasi wawili, na mtumishi wake alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuwatahadharisha wengine barabarani. Ilichukua miongo hadi Wamarekani wa miaka ya 1930, wenye magari madogo na mifuko iliyotoboka, wabuni tela la umbo la tone ambalo mtu anaingia kulala tu na kupika amesimama nje, nyuma, chini ya mlango ulioinuliwa. Ukubwa wake ulikubaliana na shiti ya plaiwudi, futi 4 kwa 8. Ndiyo shiti ile ile inayouzwa Mbinga leo. Kipimo kimoja cha kiwanda kimeamua urefu wa vitanda vya watu wasiojuana kabisa.

La Mapera si umbo la tone. Ni kisanduku kilichoinama mbele, urefu futi 8, upana futi 5 na kitu, kimo cha kukaa bila kusimama. Kitanda chenyewe ni sehemu ya mifupa: ubao wake umegandishwa kuta hadi kuta, kwa hiyo ukikiondoa nyumba inalegea. Hakuna kabati, kuna mifuko ya turubai iliyoshonwa na fundi cherehani. Dirisha la aluminiamu lilikataliwa, likawekwa pazia la turubai na wavu wa mbu, maana ufukweni mbu hawana likizo. Bati la migongo nalo lilikataliwa. Paa ni shiti moja bapa ya aluminiamu, imekunjwa kingo na kulalia kuta, kwa kanuni ambayo kila mwezekaji anaijua: cha juu kikilalie cha chini, maji yasipewe nafasi ya kuchagua. Silikoni ilipakwa, lakini fundi hakuitegemea. Mvua za huku zinaanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na silikoni haidumu milele.

Jambo ambalo mchoro wa mwalimu haukuwa nalo kabisa ni pumzi. Watu watatu wakilala kwenye kisanduku kilichobanwa vizuri, asubuhi kuta zinatoka jasho na vichwa vinauma. Fundi alitoboa matundu chini karibu na sakafu na mengine juu chini ya paa, yote na wavu, na akakataa katakata jiko ndani, la gesi au la mkaa. Mkaa unaua usingizini bila harufu, na lile povu jeupe linapenda moto. Kupika ni nje.

Nimesema watu watatu. Familia ni ya watano, kwa sababu mama yangu alishatangaza kwamba ziwani anakwenda. Na mkwe halali chumba kimoja na mama mkwe wake. Jambo hilo halikujadiliwa, lilipita tu kimya kimya na kuubadilisha mpango mzima. Bibi na wajukuu wawili wanalala kwenye tela. Mwalimu na dada yangu wanalala ndani ya Noah, viti vimelazwa. Kwa maneno mengine, mwenye tela hajawahi kulala humo. Nilipomtania alinijibu kwamba hata mwenye shule hakai darasani.

Kilichobaki ni mizani. Tela zuri likipangwa vibaya ni hatari kuliko tela baya lililopangwa vizuri. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, shingo inainuka, mkia unaanza kucheza kushoto na kulia, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo unavyozidi kucheza mpaka dereva anakuwa abiria. Kanuni ya fundi: karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ilemee kiunganishi, isiwe pungufu, isizidi sana. Aliipima kwa mizani ya kahawa, ile ya kuning'iniza magunia, akainua nayo shingo ya tela lililopakiwa na kusoma kilo. Sijaona matumizi bora ya mizani hiyo. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20 zake, kwa hiyo madumu yanakwenda matupu na kujazwa huko huko. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unafungwa nje mbele. Tairi la akiba juu ya ekseli.

Mpango huo ulidumu hadi safari ya kurudi. Mama alikuwa amenunua Mbamba Bay dagaa wakavu wa kutosha majirani wote, na mbasa wa kukaushwa juu yake, na alitaka wawekwe nyuma ya tela ambako, kwa macho yake, palikuwa na nafasi. Mwalimu, kwa adabu ya mkwe, hakuweza kumwambia hapana. Alimpigia simu fundi, akamweka kwenye spika. Fundi aliuliza gunia lina kilo ngapi, akamsalimia, "Shikamoo mama," akamweleza habari ya mkia. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kama ni hivyo basi dagaa waje mbele, tena mbele kabisa, na ndivyo walivyopanda mlima hadi Mapera: ndani ya Noah, miguuni mwake, na madirisha yote yakiwa wazi.