Fundi wa Friji Hujulikana kwa Mita

Friji imeacha kugandisha. Nyuma yake husikika "tak", kimya cha dakika chache, kisha "tak" tena. Mafundi wengi wakisikia mlio huo husema papo hapo: kompresa imekufa. Kwa mama anayeishi kwa kuuza barafu na samaki, maneno hayo ni mazito, maana kompresa mpya hula faida ya miezi. Fundi anayestahili pesa yako hayatamki kabla ya kupima. Mtazame akifanya kazi, utamjua kwa alama hizi.

Huanza nje ya kompresa

Kwanza hupima umeme wa soketi, kisha huupima tena wakati kompresa inapojaribu kuwaka. Katika nukta hiyo mota huvuta umeme mara kadhaa zaidi kuliko ikishazunguka. Soketi iliyoonyesha volti 230 ikiporomoka hadi 170, ugonjwa uko nje ya kompresa, mathalani kwenye nyaya za nyumba au ekstensheni nyembamba, na kompresa mpya itaugua vilevile.

Kisha huchomoa rilei ya kuwashia mota na kuitikisa karibu na sikio. Ikilia kama njugu, kidonge cha ndani kimevunjika. Hicho ni kipuri cha bei ndogo. Fundi mzuri anajua pia kwamba kidonge hicho huhitaji dakika kadhaa kupoa. Umeme ukikatika na kurudi haraka, mota hukwama, ovalodi, yaani kinga ya mota, hukata, na mlio ule husikika ingawa hakuna kilichoharibika. Kama kuna kapasita, huimaliza umeme wake kabla ya kuigusa, kisha hulinganisha kipimo chake na namba iliyoandikwa ubavuni.

Huzisoma pini tatu

Hapa ndipo ujuzi unapoonekana wazi. Umeme ukiwa umezimwa, waya, rilei na ovalodi zikiwa zimetolewa, hupima pini tatu za kompresa mbilimbili. Tuseme anapata omu 10, 20 na 30. Pini iliyobaki nje ya jozi yenye 30 ndiyo ya pamoja. Kutoka hapo, omu 10 ni koili ya kuzungushia, 20 ni ya kuwashia, na zikijumlishwa zinarudi 30. Hesabu hiyo ikikubali, hakuna koili iliyokatika. Omu zikiwa chini mno kuliko za kompresa ya aina hiyo, nyaya za ndani zimeshikana.

Haishii hapo, kwa sababu koili nzima inaweza kuvujisha umeme kwenye ganda la kompresa. Hukwangua rangi kidogo kwenye ganda hilo na kupima kutoka hapo hadi kila pini. Mwenye vifaa kamili hutumia mega ya volti 500, ambayo huona uvujaji mdogo usioonekana kwa mita ya kawaida.

Ganda likiwa la moto, hungoja lipoe. Baadhi ya kompresa zina ovalodi ndani. Ikikata kwa joto, pini ya pamoja husomeka kama imekatika. Mwenye haraka huzika kompresa iliyo hai.

Kwenye friji za inveta, jozi zote tatu hutoa omu zinazokaribiana, na mota huendeshwa na bodi ya umeme. Ukimwona fundi anataka kupachika waya wa soketi moja kwa moja kwenye pini hizo, mzuie. Ataiunguza.

Huheshimu hatari

Hurudisha kifuniko cha pini kabla ya kuwasha, maana pini iliyodhoofika inaweza kufyatuka pamoja na gesi na mafuta. Kadhalika husoma kibandiko: gesi ya R600a huwaka, kwa hiyo hawashi moto wa kuchomelea kabla ya kuitoa salama mahali penye hewa.

Hukumu yenye ushahidi

Kompresa hufa kweli. Volti zikiwa sawa, rilei ikiwa mpya, kapasita (kama ipo) ikiwa nzima, koili zikiwa nzima, na bado mota inanguruma bila kuzunguka hadi ovalodi ikate, basi imekwama ndani na ni halali kuibadilisha. Kabla ya kulipa, uliza: "Fundi, umepata omu ngapi, na volti zilishuka hadi ngapi?" Aliyepima atakutajia namba. Mwombe aziandike ubavuni mwa friji kwa kalamu, na tarehe, ili fundi wa kesho aanzie alipoishia yeye.