Hamoni Hupimwa kwa Mafuta Yake

Inaudhi kumsikia mtu aliyerudi Madrid akisifia sahani ya hamoni, yaani paja la nguruwe la Kihispania lililokaushwa kwa chumvi, kwa sababu ilikuwa "nyekundu tupu, haina mafuta". Picha zake zinaonyesha vipande vipana vilivyokatwa kwa mashine, vimetoka kwenye friji na kukakamaa. Kalipa bei ya bellota, hamoni ya nguruwe aliyenenepeshwa kwa matunda ya mwaloni, kala cebo, ya nguruwe wa zizini aliyelishwa nafaka, kisha anawashauri wenzake waende palepale. Baa za namna hiyo zinaishi kwa sifa kama hizo.

Lakiri iliyofungwa kwenye mguu ndiyo ya kutazamwa kwanza. Tangu kanuni za mwaka 2014, nyeusi ni bellota ya ibérico, nguruwe wa mbegu ya Kiiberia, asilimia 100. Nyekundu ni bellota pia, ila damu imechanganyika. Kijani ni nguruwe aliyezurura malishoni huku akiongezewa nafaka. Nyeupe ni cebo. Kwato nyeusi haithibitishi chochote, maana wapo ibérico wasio nayo na wapo nguruwe wengine walio nayo. Muuzaji mwaminifu huiacha lakiri mbele ya mteja mpaka mfupa ubaki mtupu. Mjanja huigeuzia ukutani, au hukukatia paleta akaiita hamoni. Paleta ni tamu, lakini ni mguu wa mbele, na bei yake iwe ya mguu wa mbele.

Lakiri ikishasomwa, yabaki mafuta, na hapo ndipo wageni karibu wote wanapopotea. Nguruwe wa bellota huachiwa kwenye dehesa, malisho yenye mialoni, za Extremadura na Huelva kuanzia Oktoba au Novemba, akila matunda ya mwaloni na majani mpaka aongeze angalau kilo 46. Chakula hicho humjaza asidi ya oleiki, ileile ya mafuta ya zeituni, ndiyo maana mafuta yake huanza kulainika kwenye joto la chumba. Basi kipande kikifika, kiache kwanza. Dakika chache tu, kingo zianze kung'aa na sahani ipate unyevu chini yake. Kisugue ukingo kwa dole gumba na kidole cha shahada: bellota huyeyuka na kupotea, cebo hukatikakatika kama nta. Rangi ya mafuta iwe nyeupe yenye wekundu kidogo, na utamu wa njugu uje mwishoni, chumvi ikiwa imeshaondoka. Vidoa vyeupe ndani ya nyama visikutishe, vinatokana na kukaa sana ghalani. Paja la kilo 7 au zaidi halitoki kabla ya siku 730.

Huko Jabugo nilimtazama mzee mmoja akikagua mapaja kwa sindano ya mfupa. Alichoma karibu na kiungo, akanusa mara moja, akaliziba tundu kwa mafuta ya paja lenyewe akitumia dole gumba, akahamia sehemu nyingine. Paja moja alilitenga bila kusema neno. Kazi yote aliimaliza kabla kisu hakijafunua nyama nyekundu hata kidogo.

Kukata nako ni mkono tu. Kisu chembamba kinachopindika, kipande kifupi chenye mafuta yake pembeni, chembamba kiasi cha kuuona ubao chini yake. Zamani Sevilla mkataji alikuwa na wateja wake kama kinyozi, akijua nani anapenda nyama ya karibu na mfupa. Leo baa nyingi zinafungua pakiti.

Agiza nusu sahani ukiwa umesimama kaunta, paja likionekana. Hamoni iwe na joto la nyuzi 21 hadi 25, kwa hiyo ikija baridi, subiri. Tikiti na siagi visikaribie. Kipande cha kwanza kile bila mkate, mafuta na nyama kwa pamoja, ndipo unywe fino au manzanilla, divai kavu za sheri. Ukiona mwenzako anachambua mafuta na kuyasukuma pembeni, mwagizie serrano, hamoni ya nguruwe weupe wa kawaida: ni nzuri, ni nafuu, na haitakuwa imepotezwa bure.